Likivuta Kulia, Kagua Kushoto

Kisarawe, baada ya alasiri

Mwanangu Shomari,

Salamu sikuandikii, maana kabla wino haujakauka utakuwa umerudi kutoka Kibuta kumuaga bibi yako, na shikamoo yangu utanipa kwa mdomo. Hali zetu unazijua. Kuku ameshachinjwa, mama yako ameshakasirika mara mbili tangu asubuhi, na godoro lako limefungwa kamba kama la mtu anayehamia Kongo, kumbe unakwenda shamba la mkonge hapo mbele ya Maili Moja. Barua hii atakupa yeye, ukishakula na kunawa. Nimemwambia asikupe mapema kwa sababu nakujua, utauacha wali.

Habari za kula vizuri, kuchagua marafiki na kukumbuka nyumbani amekusomea mama yako wiki nzima, mpaka nadhani mbuzi wa jirani wamezihifadhi. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Jana asubuhi nilipita pale kiwanja cha gulio ulipoliegesha lori la shamba. Nikaona miguu yako imetokeza chini yake. Madereva wenzako wawili walikuwa wamesimama kando, nawe unawaeleza kwamba tangu ulipokabidhiwa lori hilo lilikuwa likivuta kulia kila ukikanyaga breki, ila sasa umelipatia dawa: umeilegeza breki ya gurudumu la nyuma la kulia, limenyooka kama mstari wa daftari. Wakakuita fundi. Kisha mmoja wao akauzungushia waya mlango wa kushoto, kwa sababu kitasa hakishiki, na nyote mkacheka.

Mimi nikapita kama sikuona. Nilikwenda nikakaa kibarazani kwa muuza kahawa, nikaagiza kikombe nikakisahau mpaka kikapoa, mtu mzima na mvi zangu. Kesho alfajiri lori hilo litapakia vibarua ishirini, na wewe ndiye utakayekuwa kwenye usukani. Usidhani nilinyamaza kwa kuwa nilikubali. Nilinyamaza kwa kuwa ulichokifanya wewe nilikifanya mimi, hivyo hivyo, hata waya ule ulikuwepo, ila wangu ulikuwa kamba ya usumba, ya makumbi ya nazi.

Unajua kwamba kabla sijawa fundi nilikuwa dereva. Hujui nilikuwa dereva wa namna gani. Nilikuwa na lori la mwenye duka mmoja wa hapa, nikipakia watu na mananasi na mihogo kutoka Kibuta, napita hapa mjini, nateremka Pugu mpaka Dar es Salaam. Wakati huo ukiwa na leseni iliyotoka kwa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, wewe ni mtu. Wazee walinipisha njiani. Nilivaa kofia ya ngozi jua kali, kichwa kikichemka, sikuivua. Mama yako anasema siku aliyonikubali hakunipenda mimi, alipenda honi.

Basi lori lile likaanza kuvuta kulia. Kwanza kidogo, nikawa nalirudisha kwa usukani. Kisha likazidi, kila breki linataka kunipeleka upande wa pili wa barabara. Nikalala chini kama ulivyolala wewe, nikatazama breki ya kulia, nikaona ni nzima. Inashika vizuri. Nikajiambia, aha, huyu ndiye mkorofi, anashika kupita mwenzake. Nikamlegeza. Lori likanyooka, nami nikainuka nikajifuta vumbi kama niliyejenga reli.

Kitasa cha mlango wa kushoto nacho kilikuwa kimechoka. Ukiufunga, baada ya mashimo mawili unafunguka wenyewe. Nikatoboa tundu, nikapitisha kamba kwa nje, nikafunga fundo la wavuvi alilonifundisha mjomba. Fundo lile likikazwa halifunguki ila kwa anayelijua. Abiria walinisifu sana. Mpaka leo sijasikia sifa zilizonigharimu kama zile.

Sasa nikutajie mtu ambaye jina lake unalijua lakini alikufa kabla hujapata akili. Masanja, Mnyamwezi, alikuwa akitengeneza baiskeli na magari chini ya kibanda cha makuti karibu na soko. Mtani wangu. Unajua sisi Wazaramo na Wanyamwezi tulivyo. Tukikutana hatuulizani habari, tunatukanana kwanza. Akinikuta msibani atalala kwenye kaburi mpaka ndugu wa marehemu wampe kuku. Neno la mtani halichukizi, na ukilichukia umeshindwa mchezo, watu watakucheka hadi Idi.

Siku ya kwanza lori lilipita mbele ya kibanda chake, akapaza sauti, "We Mzaramo! Gurudumu lako la nyuma linavuma. Nyie mmezidi ngoma, mpaka magari mnayafundisha kuimba!"

Nikamjibu, "Na nyie mliozoea kubeba mizigo kichwani, gurudumu mmelijulia wapi?"

Watu wakacheka. Siku ya pili akaniambia kuna oili inachirizika kwa ndani ya tairi la kushoto, la nyuma. Nami bila kushuka nikasema, "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi!" Hapo lori zima lililipuka kwa kicheko, mama mmoja akanipa nanasi kwa furaha. Nililila nanasi lile, Shomari. Lilikuwa tamu.

Siku ya tatu mama yako alikuwa nami mbele, upande wa kushoto. Alikuwa na mimba ya miezi saba, anakwenda mjini kwa dada yake. Tuliposimama hapa Kisarawe kupakia, Masanja akaja mwenyewe. Akachutama, akagusa kitovu cha gurudumu la kushoto kwa mgongo wa kiganja, akauondoa mkono haraka. Akazunguka upande wa kulia, akagusa, akautuliza mkono pale. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Kondo, la kushoto linaunguza. La kulia la baridi. Usiende."

"Unataka nilale hapa unipikie?"

"Leo utakufa, Mzaramo. Nitakula ubwabwa wa arobaini yako."

"Utakula, lakini uje na sahani yako, maana tunajua mkono wako!"

Watu hoi. Nikapiga honi, nikaondoka nimeshinda. Nilimwona kwenye kioo amesimama katikati ya barabara, mkono mmoja ameushika kwa mwingine. Hakuwa akicheka. Hilo nililiona, mwanangu, nisikudanganye, niliona na nikaendelea.

Kuteremka Pugu unakujua. Nilikanyaga breki mara ya kwanza, lori likapunguza mwendo shingo upande. Mara ya pili halikupunguza. Nikavuta breki ya mkono, ikaja yote mpaka mapajani. Kutoka nyuma kushoto kukatoka mlio kama wa kinu kinachosaga mawe, na lori likainamia upande huo. Kushoto kulikuwa na bonde, kulia kulikuwa na ukingo wa udongo. Nikalitupa kulia. Likasugua ukingo, likasugua tena, likasimama na mlango wangu umegandamana na udongo.

Walio nyuma wote waliruka. Walichubuka, mmoja alitenguka bega, na mananasi yakateremka kilima yakiwa peke yao, yanapitana. Lakini sisi wawili tulikuwa ndani. Mlango wangu hauna pa kufungukia. Mlango wa mama yako una kamba, na fundo la mjomba, kwa nje. Na moshi wa oili iliyoungua ukaanza kuingia, nami najua tangi la petroli liko chini ya kiti tulichokalia.

Mama yako hakupiga kelele. Alitoa mkono dirishani akawa anapapasa fundo. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele, "Vuta chini! Hapana, juu!" Fundo langu mwenyewe nilisahau linavyofunguliwa. Mwenye mananasi, yule yule aliyenizawadia, akaja na kisu chake akaikata kamba, na wanaume watatu wakauvuta mlango kwa nguvu zao zote. Hawakuona kwamba vidole vya mama yako viko kwenye upenyo. Tulitoka. Moto haukuwaka, Mungu ni mkubwa. Lakini vile vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena.

Ndiyo. Si kinu.

Ulikuwa na miaka mitano ulipouliza, tumekaa uani, "Mama, vidole vyako vimefanya nini?" Kabla hajajibu nikasema mimi, haraka haraka, "Aliponda kwa mchi wa kinu." Mama yako alinitazama, akaendelea kusuka ukili wake kwa mkono wa kushoto alivyojizoeza. Hakunisuta siku ile wala siku nyingine. Nikafikiri yamekwisha. Kesho yake nikakukuta umeushika mchi umekuzidi urefu, unatwanga, unasema mama asiguse kinu tena. Ukatwanga mwaka huo na miaka iliyofuata. Wenzako walikuita mwali, wakakuimbia nyimbo za unyagoni, ukapigana nao, ukarudi nyumbani na pua inatoka damu, ukashika mchi. Nami nilikaa kibarazani nakutazama. Kila pigo la mchi ule lilikuwa likinipiga mimi. Ningeweza kukuita nikakwambia. Sikukuita. Niliona aibu ya kuonekana mdogo mbele ya mtoto, na kadiri ulivyokua ndivyo aibu ilivyonenepa.

Masanja alikuja nyumbani siku ya tatu baada ya ajali. Akakaa mkekani. Mama yako, mkono umefungwa vitambaa, ndiye aliyejaribu kumchokoza: "Mtani, mbona leo hutuambii kitu?"

Akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nasema kweli."

Alilia, mtu mzima. Alisema kosa ni lake pia, kwamba alitakiwa anishushe kwa kola ya shati, lakini naye alinogewa na mchezo, jibu langu likimfikia ulimi wake unatangulia akili. Nikamwambia hapana, wewe ulichutama ukagusa, mimi sikushuka hata kwenye kiti. Tangu hapo tukapeana ahadi: jambo la gari tukilisema, tunataja majina ya baba zetu kwanza. Akiniita Kondo bin Selemani, najua utani umekaa pembeni. Nikaacha udereva, nikavua ile kofia, nikaenda kukaa kibandani kwake miaka miwili kujifunza upya, na waliokuwa wakinipisha njiani sasa wananikuta nimelala chini ya baiskeli zao. Miaka miwili ile ndiyo iliyonifanya mtu. Ya honi ilikuwa kelele tu.

Yeye ndiye aliyenifungulia gurudumu lile la kushoto, akaniwekea vyuma vyake juu ya gunia kimoja kimoja. Nilitegemea anionyeshe breki. Akaanza na beringi. Ilikuwa imekwisha, vigololi vimemeguka. "Huyu ndiye aliyekuwa akivuma," akasema. Beringi ikilegea, ekseli inacheza. Ekseli ikicheza, ile sili ya kuzuia oili inachanika. Oili ikatoka, sehemu ikaonekana kwenye tairi, sehemu ikalowesha viatu vya breki. Breki iliyolowa oili haishiki. Ya kulia ikabaki inashika peke yake, lori likaenda kulia. "Na wewe," akaniambia, "ukamwona anayefanya kazi, ukamwadhibu."

Likivuta kulia, kagua kushoto. Kwa maneno hayo niliponyesha magari mengi, na siku moja moja niliponyesha na nyumba yangu. Unakumbuka ugomvi wangu na amu yako Mwinshehe, tulivyokaa bila kusemezana masika nzima? Nilikuwa nikilalamika kwamba yeye ni mkali. Nilipochoka kulalamika nikajigusa mwenyewe, nikakuta ninaunguza.

Na kitasa? Masanja alinicheka sana kwa kitasa, kicheko cha kweli sasa. Aliushika mlango kwa chini akaunyanyua kidogo tu, nao ukajifunga, tak! Kitasa kilikuwa kizima siku zote. Bawaba ndizo zilizolika, mlango ukashuka, ulimi wa kitasa ukawa haulioni tundu lake. Kazi ya kuunyanyua mlango na kuweka vipande viwili vya bati kwenye bawaba ni ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mimi nilitumia muda mrefu zaidi kutafuta kamba nzuri.

Sikuandikii ili nikufundishe ufundi. Ufundi unao, na mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Nimekuona ukitambua nati iliyolegea kwa kusikiliza tu. Mimi umri wako nilikuwa nasikiliza honi. Ndiyo maana nina matumaini makubwa na wewe, na nayasema wazi, sitaki uje kuyasikia kwa watu matangani kwangu. Kitu ambacho sijakiona kwako bado, kwa kuwa hakuna aliyekudai, ni kusimama mbele ya watu wanaokungoja, mizigo iko juu, nyapara anatazama jua, ukasema, "Lori hili haliendi." Sentensi fupi. Mimi nilishindwa kuisema mbele ya abiria waliokuwa wakicheka, na mama yako anatembea nayo mkononi.

Wewe ulikuwemo siku ile, Shomari. Tumboni. Usiku huo mama yako aliniambia hukucheza tangu kwenye ajali, nami nikaweka kiganja changu pale nikangoja, nikimwahidi Mungu kila nilichonacho na nisichonacho. Karibu na alfajiri ukapiga teke moja. Nililia mpaka mama yako akaninyamazisha mimi badala ya mimi kumnyamazisha yeye.

Leo mchana nilipomaliza sala nilimweleza kwamba nakuandikia. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mwambie na hili: mimi vidole nilishavisamehe siku ile ile. Kinu ndicho kilichokuwa kinaniuma." Kisha akaniambia nisimwage wino kwenye mkeka wake.

Desturi yetu mtoto akitoka nyumbani huja kuomba radhi kwa wazazi. Kesho utakuja na kuinama, nakujua. Radhi zangu unazo zote, tangu teke lile. Lakini kabla hujainama, mimi nina radhi ya kukuomba: kwa mchi ule uliokuzidi urefu, na nyimbo walizokuimbia, na pua yako. Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Ukihitaji muda, chukua, sitakuhimiza.

Sasa la mwisho, na hapa najua utapiga kelele, kwa hiyo piga taratibu, majirani hulala mapema. Ulipoondoka kwenda Kibuta nilikwenda kiwanjani na jeki. Mlango wa kushoto nimeunyanyua, bawaba nimezitia bati, waya nimeutupa. Ufunge na kuufungua upendavyo. Breki ya kulia sikuigusa, wala ya kushoto sikuifungua, maana gari umekabidhiwa wewe na ni wewe utakayeona kilichomo ndani. Lakini gurudumu la nyuma la kushoto nimelivua nikalivingirisha mpaka nyumbani. Liko uvunguni mwa kitanda chetu, na mama yako atalala juu yake. Vibarua watafika alfajiri watakuta lori limesimama juu ya gogo. Nitakuja nawe. Watauliza kulikoni, na nyapara atauliza kwa ukali zaidi, nami nitakuwa hatua mbili nyuma yako, mdomo nimeufunga. Utawajibu wewe.

Baba yako akupendaye,
Kondo bin Selemani